Dagaa wa Majanji kwenye insha ya shule ya biashara

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja asubuhi jijini Kampala, mbele ya vijana wapatao arobaini wanaojiandaa kuomba nafasi za MBA, shahada ya uzamili ya biashara, nje ya nchi. Walioyakosa waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka.

Mzee mwenyekiti, mama zetu mlioketi mbele, kaka na dada zangu, hamjambo? Bassebo ne bannyabo, asanteni kwa kuja mapema. Najua wengine mmeondoka Jinja na Mbale alfajiri, na wawili wamesafiri usiku kucha kutoka Arua. Karibuni sana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu insha za kuombea shule ya biashara. Nitazungumza kwa Kiswahili, ingawa insha zenyewe mtazipeleka kwa Kiingereza. Waandaaji waliniuliza kama hilo halitawachanganya, nikawaambia hapana, Kiswahili ni sehemu ya dawa yenyewe, na nitafika hapo. Katiba yetu inakitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya mwaka 2005, lakini mimi sikukipata kwenye katiba. Nilikipata Busia, mpakani, kwenye kibanda cha mama yangu, ambako mteja wa kwanza alikuwa Msamia, wa pili Mteso, wa tatu ametoka Kisumu, wa nne dereva wa lori la Mombasa, na wote walitaka kuambiwa bei.

Mama aliuza mukene. Upande wetu wanaitwa mukene, ukivuka geti wanaitwa omena, ukizunguka ziwa hadi Mwanza ni dagaa. Ni samaki walewale wadogo wa ziwa lilelile. Walikuja kwa magunia kutoka mwalo wa Majanji, wakiwa wamekaushwa juani, na wengi walikuwa wamenunuliwa na watu wa ng'ambo kabla ya saa nne asubuhi. Nilipofika miaka 13 nilikabidhiwa daftari la madeni. Lilikuwa na safu mbili, shilingi za Uganda na shilingi za Kenya, na kila jioni nilimsomea mama nani anadaiwa nini. Daftari hilo litarudi. Kwa sasa mjue tu kwamba mara ya kwanza nilipoomba shule ya biashara, halikuwemo kwenye insha yangu hata kwa neno moja.

Insha ile ilianza na msemo wa mtu mashuhuri. Zikafuata takwimu za umaskini barani Afrika. Nikaeleza kwamba bara letu linahitaji viongozi wenye maono, na kwamba mimi nina shauku ya kuwa mmoja wao. Kila sentensi ilikuwa sahihi, na Kiingereza changu kilikuwa kimepitiwa na watu watatu. Jibu lilikuja kwa barua pepe ya aya mbili: hapana. Nililia, na sioni aibu kuwaambia, kwa sababu akiba ya mwaka mzima ilikuwa imeishia kwenye ada ya mtihani na ada ya maombi.

Ilinichukua miezi mingi kuliona kosa. Insha ile ingeweza kuandikwa na yeyote aliyewahi kusoma gazeti. Ungefuta jina langu ukaandika la jirani, na hakuna neno ambalo lingekuwa la uongo.

Tuyatazame maswali yenyewe, maana yanatisha kwa ufupi wake. Stanford, ya California, kwa miaka mingi imeuliza: ni jambo gani lina maana kuliko yote kwako, na kwa nini? Basi. Harvard kwa miaka kadhaa iliuliza lililo wazi zaidi: tunapoyapitia maombi yako, ungependa tujue nini zaidi? Mwaka 2024 ikaliacha swali hilo na kuweka insha tatu fupi, moja kuhusu biashara, moja kuhusu kuongoza watu, moja kuhusu kukua kwako. Haas, shule ya biashara ya Berkeley, imewahi kuuliza ni jambo gani linalokufanya ujisikie hai unapolifanya. Fuqua, ya chuo cha Duke, imeomba orodha ya mambo 25 kukuhusu, yoyote yale. Stern ya New York imeomba picha sita zenye maelezo mafupi. MIT Sloan imekuwa ikiomba barua, kama ile ya kuomba kazi, isiyozidi maneno 300. Maswali haya hubadilika, kwa hiyo kila msimu soma maelekezo ya shule yenyewe, usitegemee ya mwaka jana wala ninayosema mimi leo.

Kwa nini wanauliza hivi? Watu wengi hudhani ni mtego. Si mtego, na ukielewa jinsi darasa linavyoendeshwa utaona sababu. Harvard hufundisha kwa visa vya kampuni tangu miaka ya 1920. Wanafunzi wanapewa kisa cha kampuni, wanakisoma usiku, na asubuhi mwalimu hahutubii, anauliza. Meneja huyu afanye nini? Afunge kiwanda au akope? Wanafunzi wanajibizana, na sehemu kubwa ya alama inatokana na kile unachochangia darasani. Kila mwaka wanaingia zaidi ya 900, wanagawanywa katika mikondo ya watu kama 90, na mkondo wako ndio unaokaa nao mwaka mzima wa kwanza. Stanford ni ndogo zaidi, inachukua zaidi kidogo ya 400 kwa mwaka, na anayekubaliwa ni chini ya mmoja kati ya kila waombaji kumi.

Sasa mfikirie mtu anayelisoma faili lako. Alama zako za chuo na za GMAT, ule mtihani wa kuingilia shule za biashara, zimeshamwambia kwamba hesabu utaziweza. Wasifu wako umemwambia ulifanya kazi wapi. Kilichobaki ni kiti. Huyu akikaa kwenye kiti kile, wenzake 89 watasikia nini ambacho wasingekisikia asipokuwepo? Swali limeachwa wazi kwa sababu yeye hajui kilicho ndani yako, na akilibana atapata majibu ya maswali yake tu.

Nije kwetu. Kila aliyepita kidato cha tano na cha sita katika nchi hii alifanya General Paper. Mnakumbuka: jadili faida na hasara za jambo fulani, eleza kwa kiasi gani unakubaliana na kauli ifuatayo. Tulifundishwa utangulizi, hoja za upande huu, hoja za upande ule, kisha hitimisho linalozipatanisha pande mbili. Mtahini ana mwongozo wa kusahihisha, na sisi tunakimbizana na mwongozo huo tusiouona, tunamwaga hoja nyingi kadiri muda unavyoruhusu ili isikosekane hata moja. Silaumu somo hilo. Lilinifundisha kupanga mawazo na kumsikiliza nisiyekubaliana naye. Lakini mkono uliozoea General Paper ukikutana na swali la Stanford unafanya kilekile. Unaandika kwamba lenye maana kwako ni familia, na imani, na elimu, na nchi yako, na bidii ya kazi. Mtaka yote hukosa yote. Insha hiyo imeandikwa na mtu anayeogopa kukatwa alama, wakati huku hakuna mwongozo wala alama. Swali likiwa halina mipaka, kinachopimwa ni uchaguzi wako: kati ya maisha yako yote, umeokota nini, na umekubali kuacha nini.

Kuna jambo jingine la kwetu ambalo sisikii likisemwa. Wengi wenu mliingia Makerere au MUBS, chuo cha biashara pale Nakawa, kwa alama za mtihani wa kidato cha sita. Zilijumlishwa, zikalinganishwa, mkapata kozi au mkaikosa. Hakuna aliyewauliza ninyi ni nani. Kwa hiyo swali hili linapokufikia ukiwa na miaka 27 au 28, huenda ni mara ya kwanza katika maisha yako kwa taasisi yoyote kutaka kukujua wewe mwenyewe. Ni haki kabisa kubabaika. Mwenzako wa Marekani amekuwa akiandika insha za kujieleza tangu alipoomba chuo akiwa na miaka 17. Pengo hilo si la akili, ni la mazoezi, na ndiyo sababu tuko hapa leo.

Nimsimulie dada mmoja. Ameniruhusu, ila jina lake nitaliweka pembeni. Ni mhasibu, mzaliwa wa miteremko ya Mlima Elgon, huko inakolimwa kahawa ya arabika ya Bugisu. Aliniletea rasimu iliyoanza: jambo lenye maana kuliko yote kwangu ni uadilifu. Zikafuata aya nne juu ya uadilifu, nafasi yake katika uhasibu, madhara ya rushwa, mfano wa kampuni kubwa ya ng'ambo iliyoanguka. Nilimuuliza, kwa nini uadilifu? Akasema kwa sababu bila uadilifu biashara haziendelei. Nikamwambia hiyo ni sababu ya kila mtu, yako ni ipi? Akasema ndivyo alivyolelewa. Na nani? Na baba. Baba alikulea hivyo vipi, alikuhubiria? Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kaka, kuna siku ya mizani."

Alikuwa na miaka 14. Kila msimu baba yake alipeleka kahawa kwenye kituo cha mnunuzi mmoja, na kila msimu kilo zilipungua kuliko walivyotarajia nyumbani. Siku moja huyu binti akanunua dukani pakiti mbili za sukari, za kilo moja moja, hazijafunguliwa. Karani alipokwenda kunywa chai, akazitundika kwenye mizani. Ikasoma kilo moja na robo tatu. Akakimbia kumwambia baba, anahema, akidhani amemletea ushindi. Baba akamwambia, "Najua." Alikuwa anajua kwa miaka. Mnunuzi aliyefika kijijini kwao alikuwa huyo mmoja, na mvua zikianza barabara ile hakuna lori jingine linaloipanda. Ukigombana naye, kahawa inakuozea. Akamwambia arudishe sukari nyumbani kwa mama yake.

Nikamuuliza, ukafanya nini? Nilitaka sana kulijua hilo, kwa sababu hadi hapo kisa kilikuwa bado cha baba. Akasema aliazima mizani ya muuza nyama, akaanza kupima magunia nyumbani kabla hayajapelekwa, na kuandika uzito wake kwenye karatasi. Jirani akaomba yake yapimwe pia. Msimu uliofuata familia kumi na moja zilikwenda kituoni siku moja, kila moja na karatasi yake. Hawakusema lolote, walizishika tu mkononi. Karani akaisahihisha mizani bila kuombwa. Bei haikupanda hata shilingi moja, lakini kilo zikawa kilo.

Nilimwambia aende nyumbani aandike hicho alichonieleza. Aliporudi, neno uadilifu halikuwemo kabisa. Alikuwa ameelewa jambo ambalo hakulisoma popote: kwamba baba yake alikuwa mwadilifu kuliko wote na haikumsaidia, kwa kuwa mizani ilikuwa moja. Lenye maana kuliko yote kwake ni mtu wa chini kuwa na kipimo chake mwenyewe mkononi. Ndiyo maana alisomea uhasibu. Ndiyo maana jioni anavifundisha vikundi vya wakulima kuweka kumbukumbu. Sababu ya kutaka shule ya biashara ikajitokeza yenyewe, hakuhitaji kuigongomea msumari mwishoni. Iliandikwa mara saba. Aliomba shule tatu, akapata moja. Siwezi kuwaambia kwamba ni mizani iliyomwingiza, maana hakuna anayeambiwa sababu. Ninachojua ni kwamba insha ile hakuna mwingine duniani angeweza kuiandika.

Kwa hiyo uzito wa swali la Stanford uko kwenye nusu ya pili, na kwa nini. Nusu ya kwanza wote tunaijibu kwa maneno makubwa: familia, haki, elimu, uhuru. Maneno makubwa hayana tarehe. Jiulize kwa nini, na tena kwa nini, mpaka ufike kwenye siku, siku yenye watu wake na kitu fulani mkononi. Na ukiifikia, tazama kama kuna mahali ulipoamua jambo. Kama kila kitu kilikutokea tu, endelea kuchimba.

Hili linahusu pia kisa ambacho nusu yenu mnakifikiria. Shule zetu zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote. Kila kikundi ninachokaa nacho, kuna watano wenye insha ya kipindi hicho. Sijasema msiiandike. Lakini kufungwa kwa shule kulitupata sote. Uliamua nini, Jumatatu gani, na kilikugharimu nini? Anza hapo, wala usimweleze msomaji historia ya ugonjwa wa korona, aliuishi naye.

Sasa nizungumze jambo linaloniuma.

Baada ya kukataliwa nilijaribu tena, na rasimu yangu ya pili ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya kwanza, kwa njia nyingine. Mtu aliniambia kwamba shule hizi zinapenda visa vya kusikitisha. Nikamwandika mama yangu. Niliandika kwamba nilizaliwa na mwanamke maskini asiye na elimu, aliyehangaika sokoni ili sisi tule. Likizo moja nilikwenda Busia, na jioni akaniuliza hizo karatasi ni za nini. Nikamsomea, nikiigeuza kwa Kiswahili sentensi moja baada ya nyingine. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo maskini ni nani?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kwa kuwa hakumjua. Mwanamke aliyeniuliza hivyo aliacha shule darasa la tatu, ni kweli. Lakini alikuwa anawakopesha watu zaidi ya ishirini, katika nchi mbili, kwa sarafu mbili, na sikumbuki mwaka ambao mtaji wake ulikufa. Mimi mwanawe, niliyesoma kwa pesa hizo, nilikuwa nimemvua yote hayo ili nimuuze kwa huruma kwa watu asiowajua.

Ndugu zangu, msiwauze watu wenu. Shida zilikuwepo, ziandikeni kama zilivyokuwa, kwa vipimo vyake. Lakini kila mtu unayemweka kwenye insha, jiulize kama akisomewa atajitambua. Ikiwezekana, msomee kweli. Sijapata mhariri mzuri kumzidi mama, na hajui Kiingereza.

Jioni ileile ndipo daftari liliporudi. Tulianza kukumbushana madeni, naye akataja siku aliyonivusha mpaka kwa miguu. Kulikuwa na mama mmoja wa Busia ya Kenya aliyechukua mukene kwa mkopo, bei ya shilingi za Uganda, akaahidi kulipa kwa za Kenya. Wiki mbili zikapita, kiwango cha kubadilisha fedha kikasogea. Alipokuja kulipa, mimi nikapiga hesabu kwa kiwango cha siku ile, akatoa zaidi, nami nikajiona nimefanya kazi nzuri. Jioni mama akalipitia daftari, akaniambia chukua tofauti, vuka, mrudishie. Zilikuwa shilingi sitini za Kenya. Nikabisha kwamba hesabu ni sahihi. Akasema, "Alikopa samaki. Hakukopa bei ya benki." Nikavuka, nikamkabidhi, nikiwa nimekunja uso.

Nilipokuwa mtu mzima nilifanya kazi ya mikopo ya wafanyabiashara wadogo, na kwa miaka minne nilikaa mezani nikitazama swali lile la shilingi sitini bila kulitambua. Bei ikisogea kati ya siku ya kupeana mikono na siku ya kulipa, hasara abebe nani? Mkataba karibu siku zote unambebesha mdogo. Mama alikuwa na jibu jingine, na jibu lake halikuwa sadaka. Yule mama wa ng'ambo aliendelea kununua kwake peke yake kwa miaka mingi. Hilo ndilo nililoliandika mara ya tatu. Insha ilikuwa na gunia la mukene, daftari, na mvulana anayevuka mpaka akiwa amenuna. Nilikubaliwa.

Ndipo nilipoelewa habari ya lugha. Tangu hapo sijawahi kuanza insha ya namna hii kwa Kiingereza, na kila ninayemsaidia ninamwomba naye asianze nacho. Kiingereza chetu tumekipata darasani na ofisini, na kinakuja na sentensi zilizokwisha kupikwa. Kalamu ikigusa karatasi tu, zinamiminika: nina shauku, nimejitolea, kuleta mabadiliko. Lakini angalieni, Kiswahili cha semina nacho kina ugonjwa huohuo. Ukiandika "nadhamiria kuiwezesha jamii yangu kwa mbinu endelevu", hujaandika kitu. Nenda kamwambie hivyo muuza ndizi wa Nakawa, akuulize unamaanisha utafanya nini. Ninachokisema ni Kiswahili cha kibandani. Na kama siku yako ilitokea kwa Luganda, au Lusoga, au Lugbara, au Kinubi, andika kwa lugha hiyo, uyaandike maneno yaleyale yaliyosemwa. "Najua." "Huyo maskini ni nani?" Maneno ya namna hiyo hayawezi kubuniwa kwa lugha ya kuazima. Ukiyapata, kuyapeleka kwenye Kiingereza ni kazi ya siku mbili, na Kiingereza kitakachotoka kitakuwa chepesi, kwa sababu kinabeba kitu.

Na usimpe msomaji somo la jiografia. Mtu aliyeko California hajui Majanji iko wapi, wala hahitaji ramani. Anahitaji kuliona gunia. Iache mukene iitwe mukene, eleza kwa maneno matano kwamba ni samaki wadogo wa kukaushwa, songa mbele.

Mengine ni ya kiutendaji, nayapita haraka. Swali likiwa la namna ya "tujue nini zaidi", tandaza mezani kila kitu kingine unachotuma: wasifu, matokeo, fomu, yale watakayoyasema wadhamini wako, wale wanaokuandikia barua za mapendekezo. Kilichokwisha semwa humo usikirudie. Zungumza na wadhamini mapema, ili mmoja wao asisimulie kisa unachotaka kukisimulia wewe. Kuhusu urefu, Stanford katika miaka ya karibuni imekuwa ikishauri maneno kama 650 kwa insha ile ya kwanza, na 350 kwa ile ya pili inayouliza kwa nini Stanford. Huko kwenye ya pili ndiko mipango yako ya kazi inakokaa, usiilazimishe kuingia kwenye ya kwanza. Shule isipoweka kikomo, mimi ningesimama kabla ya maneno elfu moja. Wanaoomba Chevening, ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, jueni kwamba maswali yake yameelekezwa: uongozi, mahusiano, kwa nini Uingereza, mpango wa kazi. Huko jibu ulichoulizwa, usibandike insha ya Stanford.

Tarehe za shule nyingi za Marekani zina duru: ya kwanza Septemba, ya pili Januari. Hesabu kurudi nyuma miezi mitatu. Yule dada wa Elgon hakuandika rasimu saba kwa wiki mbili.

Kuna wanaowauzia insha mjini hapa, na sasa kuna programu za akili bandia zinazoandika ukurasa mzima kabla hujameza chai. Nawaomba kwa moyo wote msiwape kalamu. Kwanza, unaweka sahihi kwamba kazi ni yako. Pili, hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwepo siku ya mizani. Watakupa insha yangu ile ya kwanza, yenye msemo wa mtu mashuhuri, ila imepigwa pasi vizuri zaidi. Mtu wa kukuuliza kwa nini, huyo mtafute, hata kama ni mdogo wako. Wa kukuandikia, hapana.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Mezani kwenu kuna karatasi na kalamu. Naomba simu ziingie mifukoni. Sitaki insha leo, nataka siku moja. Iandikeni kwa lugha mliyoisikia siku hiyo: nani alikuwepo, mkononi kulikuwa na nini, wewe ulifanya nini, na yule mwingine alisema neno gani. Msiandike ilikufundisha nini, hilo tutaliangalia Jumamosi ijayo. Mama zetu mlioketi mbele, karatasi zenu pia ziko hapo, na mkimaliza, nitawaomba mkae na vijana hawa, mmoja mmoja, wawasomee. Tuna dakika arobaini hadi chai. Tuanze.